Pembe Iliyovikwa Fedha

Pembe kuukuu ya ng'ombe ikimwagiwa maji moto hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Naijua harufu hiyo tangu nikiwa na miaka tisa, jikoni kwetu Kingstanding, huku kwa Waingereza, wiki ambayo Nyanya alifika kutoka Meru na pembe ya kunywea ya marehemu Babu, imefungwa kwa leso katikati ya sanduku. Jumamosi Shangazi Kendi angeposwa. Nyanya angeijaza uji uliochachuka, anywe, ampe Shangazi, naye ampe mchumba wake, bila kuiweka chini, maana pembe haina kitako. Mimi niliiona ina vumbi tu. Nikachemsha maji kwenye birika, kama Mama alivyofanya kwa chupa za mtoto, nikamimina. Ikapasuka kutoka mdomoni hadi katikati. Majuto ni mjukuu, husema wazee. Siku ile mjukuu alikuwa mimi.

Nyanya hakunipiga. Aliigeuzageuza, akasema, "Chombo kinachovuja hakibebi baraka. Posa ingoje." Shangazi, ambaye wakwe zake walishakata tiketi za basi la kuja hadi kituo cha Digbeth, alijifungia bafuni.

Kesho yake, ili nyumba ipoe, Baba alitupeleka makumbusho mjini. Ndani ya kabati la kioo palikuwa na pembe. Baba akamfasiria Nyanya maelezo yake: ilikuwa ya chama cha mafundi wa zama za kati, mwanachama mpya aliapa, akainywea, akampa wa pili. Mshipi wa fedha uliouzunguka mwili wake uliongezwa karne kadhaa baadaye, kuziba ufa.

Nyanya aliinama hadi pua ikagusa kioo. "Kumbe nao wana wajukuu!"

"Na waliendelea kuinywea, Mama," Shangazi akadakia upesi.

Tulipofika kituo cha basi, Nyanya akasema, "Haya. Mtafuteni sonara."

Sonara wa mtaa wa Hockley aliivika mshipi kwa siku mbili. Jumamosi uji haukuvuja hata tone.

Nyanya ametutoka, na pembe iko kwangu. Mwezi ujao ni zamu ya binti wa Shangazi. Siku zile kina mama walikoroga uji sebuleni wakiimba. Sasa ukumbi umekodiwa, uji utatoka kwenye pakiti, na bibi harusi mtarajiwa nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza. Lakini kila anapokuja hupitisha kidole juu ya ule mshipi. Juzi alijitolea kuiosha pembe. Nilikataa. Naiosha mwenyewe, kwa maji baridi.