Jicho Moja la Gundi

Hivi wewe, mbwa wako akiamka na jicho jekundu lililojaa matongo, unafanya nini? Sema kweli. Wengi hawafanyi kitu. Wanasema ni mbwa tu, litapona lenyewe, kisha usiku wanalala fofofo wakimtegemea mnyama huyo huyo amwone mwizi. Fundi Randa hakuwa mtu wa namna hiyo. Kosa lake lilikuwa jingine: yeye alitibu.

Alikuwa seremala, na jina la Randa alibandikwa na wenzake kwa sababu ubao ukishapita mikononi mwake, hata nzi angeteleza. Karakana yake ilikuwa na meza ndefu ya kazi iliyojaa makovu ya patasi, msumeno wa umeme uliolalamika kila ulipowashwa, na mlangoni rundo la maranda ambamo alilala mbwa wake, Gundi. Jina lilimkaa. Randa akienda msalani, Gundi yuko nje ya mlango anasubiri. Jicho la kushoto alikuwa amelipoteza tangu udogoni, kabla Randa hajamwokota jalalani. Kwa lile moja la kulia aliilinda karakana kana kwamba hati ya kiwanja iko kwa jina lake.

Mtu akiingiwa na vumbi la mbao jichoni, Randa aliacha kila kitu. Alimkalisha mgonjwa kwenye kigoda, akafunua kope la juu, akafunua la chini, akatoa kibanzi kwa ncha ya kitambaa safi. Kisha alinyoosha mkono kwenye kopo lililoning'inia dirishani, akatoa chupa ya karakana. Ilikuwa dawa ya macho aliyoiacha mteja mmoja zamani baada ya kutibiwa hospitali. Ikiisha, mtu alitumwa dukani na chupa tupu kuleta nyingine kama ile. Maandishi yake yalifunikwa na matone ya vanishi, na hakuna aliyejisumbua kuyasoma. Tone moja tu, na wekundu ulikwisha kabla chai haijapoa.

Basi Gundi alipoanza kufinya jicho na kulisugua kwa mguu wa mbele, Randa hakubabaika. Kope la juu, kope la chini. Aliona wekundu na usaha wa manjano, hakuona kibanzi. Akadondosha tone. Jioni wekundu ukapungua, naye Randa kichwa kikamvimba.

"Mnaona? Jicho gani humu ndani limewahi kunishinda?"

"Haya, daktari bingwa," dada yake, aliyekuwa akipaka vanishi pale karakanani, akamjibu bila kuinua brashi. "Mbona mgonjwa wako bado anafinya?"

"Dawa inafanya kazi, dada."

"Inafanya kazi kwenye wekundu. Kwenye jicho sijui."

Randa akacheka, akaendelea na matone yake siku zilizofuata, hadi asubuhi ile mchukuzi alipoingia na ubao begani. Siku zote Gundi alikuwa akiinuka na kumpisha. Safari hii hakuinuka. Ncha ya ubao iliyoinamia chini ikampiga kwenye paji la uso. Hakubweka wala hakuuma. Ndipo akasimama, kichwa upande, akinusa hewa. Randa akapiga magoti mbele yake. Jicho lililokuwa likimeta kama kioo lilikuwa na ukungu, kama maziwa yaliyotiwa maji.

"Kaka," dada yake akasema taratibu, "hilo ndilo alilobakiwa nalo."

Randa akambeba mikononi hadi kwa daktari wa mifugo, binti mmoja mwenye chumba nyuma ya duka la vyakula vya kuku.

"Shikamoo, mzee. Umempaka nini?"

Randa akatoa chupa mfukoni bila wasiwasi wowote. Daktari akakwangua vanishi kwa ukucha, akasoma.

"Hii ina steroidi, dawa ya kushusha uvimbe. Wekundu inauondoa kweli. Lakini jicho likiwa na kidonda, inakizuia kisifunge, na vijidudu vinajipatia makao."

"Mwanangu, dawa hiyo imetibu karakana nzima."

"Nyie mlikuwa mmeshatoa vibanzi, na mlibahatika. Huyu je?"

"Nimetazama. Kope la juu hamna, la chini hamna."

"Na la tatu?"

Randa alimtazama kama mtu aliyeambiwa meza ina mguu wa tano.

Daktari akatia tone la ganzi, akagusisha kikaratasi chenye rangi ya machungwa, akasuuza, akafunga pazia na kuwasha taa ya buluu. Katikati ya jicho pakang'aa alama ya kijani. Hapo palikuwa pamechubuka. Halafu kwa koleo dogo butu akainua kikunjo cha rangi ya waridi kwenye kona ya ndani ya jicho, kope ambalo binadamu hana, akavuta kibanzi chembamba cha mbao ngumu. Kila Gundi alipofumba jicho, kibanzi kile kilikuwa kikipita juu yake kama msasa. Hilo Randa hakuhitaji kufafanuliwa.

"Ataona?" Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Jicho halijatoboka. Ukinifuata, ataona. Ukiirudia chupa yako, jicho limekwenda na maji."

Akampa dawa ya kuua vijidudu isiyo na steroidi na vidonge vya maumivu, akamwambia amtoe mbwa kwenye vumbi. Kola ya kumzuia mbwa asijikune ilikuwa imemwishia daktari.

"Hiyo niachie mimi," Randa akasema, na sasa alikuwa Randa tena.

Alikata ndoo ya plastiki kitako, akailainisha kwa tupa na msasa, akavisha ukingo mpira uliopasuliwa, akamvalisha Gundi shingoni. Akamhamishia Gundi barazani kwa dada yake. Mtu ambaye hakuwahi kuacha kazi kabla ya magharibi, sasa kila baada ya saa chache alikuwa njiani. Alinawa mikono hadi viwiko. Akafuta matongo kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kuanzia puani kwenda nje, kila mara kipande kipya. Akadondosha dawa bila ncha kugusa jicho.

"Mimi nilipougua homa hukuja hata mara moja," dada akamchokoza.

"Wewe una macho mawili."

Chupa ya karakana akaitupa. Dirishani pakakaa jagi la maji safi na miwani ya kazi, na aliyeanza kazi bila miwani alirudishwa nyumbani. Naye akawa mhubiri. Kila mteja mwenye mbwa aliambiwa, atake asitake: jicho likifinywa, likitoa usaha, likiwa na ukungu, mpeleke siku hiyo hiyo. Mnyama aliyekupa usingizi wako wote hastahili kutibiwa kwa kukisia. Alisema kweli, na laiti kila mtaa ungekuwa na mhubiri wa aina hiyo.

Taa ya buluu ilipowashwa tena mara ya mwisho, hapakung'aa kitu. "Kovu dogo litabaki," daktari akasema, akifungua ile ndoo shingoni. "Lakini anaona." Randa akashukuru, ila moyoni alitaka kujionea mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata Gundi alirudi kwenye kona yake mlangoni, iliyofagiliwa maranda na kutandikwa gunia. Mchukuzi akaingia na ubao begani. Randa akashika randa yake bila kuisukuma. Gundi akainua kichwa, akautazama ubao unavyokuja, akainuka bila haraka, akasogea kando. Ubao ulipokwisha kupita, akajizungusha juu ya gunia lake, akalala.