Nililipokea Jani la Sale kwa Mikono Miwili

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu mambo. Admin, naomba unifichie jina na jina la kijiji chetu, maana huku mlimani tunajuana wote. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nipo kidato cha nne. Naishi na mama juu ya Nkoaranga. Pikipiki huishia chini darajani, kuanzia hapo ni miguu tu, na mvua ikinyesha hata miguu inakataa. Ukipiga kelele huku, wanaokusikia ni ndugu zako. Kwetu sisi, ndugu ndio tunaowaogopa.

Baba alifariki mwaka juzi. Tulimzika kwenye kihamba chetu, yaani shamba la urithi, kati ya kahawa na migomba, hatua chache kutoka mpakani. Kwa wasiojua, huku mpaka hauwekwi kwa ukuta. Tunapanda masale, mimea ya majani marefu ya kijani, na mtu mwenye akili hayagusi. Jani la sale pia ndilo la kuombea msamaha. Ukiletewa ukalipokea, umesamehe, na ugomvi umekwisha.

Wakati wa masika bibi mzaa mama aliugua, tukaenda kumuuguza kwake mjini, Daraja Mbili, kwa wiki mbili. Tuliporudi, masale yalikuwa yamesogea. Baba mdogo, mdogo wake baba tunayepakana naye, aliyang'oa na wanawe wakayapanda upya ndani ya shamba letu. Kaburi la baba likawa upande wake.

Mama alisimama pale na mzigo bado kichwani. Baba mdogo alikuwa anapogoa kahawa, hata hakugeuka.

"Shemeji, masale yako palepale. Kama macho yamechoka, hospitali ipo hapo chini."

"Na kaburi la kaka yako je?"

"Kaka yangu amelala kwa baba yake. Wewe ndiye mgeni hapa. Rudi kwenu mjini ukauze vitumbua."

Wanawe walicheka. Mkubwa akaongeza, "Mama mjini, angalia usiteleze, huku hakuna lami!"

Tangu siku hiyo hatujapumua. Njia ya mfereji wa maji waliifunga kwa miiba, ikabidi tuzungukie bondeni. Mbuzi wetu alirudi jioni akichechemea, mguu umekatwa kwa panga. Siku moja tukiwa tunakula mchana, mawe mawili yalitua juu ya bati, na tulipotoka tukamkuta binamu yangu amesimama njiani anakula muwa. Akasema, "Mawe ya mlimani hayo, yanajiporomokea." Mama alinishika mkono tukaingia ndani, na chakula hakikulika tena.

Mwishowe mama alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye akamwambia baba mdogo kwamba shauri litasikilizwa mbele ya wazee. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mama ameshuka soko la Kwa Mrombo kuuza ndizi, mimi nafua sare za shule. Baba mdogo akaja, amevaa koti la kanisani.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mama yupo?"

"Ameenda sokoni."

"Haya, shika hili. Mwambie nimekuja kwa amani."

Lilikuwa jani la sale. Nimefundishwa toka utotoni kwamba kitu cha mkubwa kinapokelewa kwa mikono miwili, na magoti yakunjwe kidogo. Nilifuta povu kwenye sketi, nikalipokea hivyo hivyo, na nikasema asante. Niwaambie ukweli, nilifurahi. Nilidhani ameona aibu. Alipogeuka ndipo nikamwona jirani yetu mmoja amesimama kwenye migomba, akitazama. Alikuwa ameletwa awe shahidi.

Jani nililiweka kwenye kikombe cha maji mezani. Mama aliporudi alilitazama kabla hajatua beseni.

"Nani amelipokea?"

"Mimi, mama."

Alikaa kizingitini. "Mwanangu, sale halipokelewi kabla kosa halijatamkwa. Amesamehewa nini, na hajasema amekosa nini?"

Sikuwa najua. Nilijua kupokea tu.

Sasa baba mdogo anatembea kifua mbele. "Wamepokea. Anayepokea sale akarudi kudai, anajilaani mwenyewe." Wazee wanamwitikia kwa kichwa. Kanisani akina mama wawili wamehama benchi letu. Mwenyekiti amesema bado atakaa na wazee Jumamosi hii, lakini ameniuliza jambo moja tu: "Ulilipokea au hukulipokea?" Siwezi kusema uongo.

Ila kuna jambo ambalo hata mama sijamwambia. Juzi nilipita kwenye mstari wa zamani kutafuta kuni. Walipong'oa masale walikuwa na haraka, mizizi mingine ikabaki ardhini. Imechipua. Nimehesabu machipukizi saba, yamenyooka mstari mmoja, na kaburi la baba liko upande wetu. Niliyafunika kwa majani makavu ya mgomba, nikaondoka.

Nikiwapeleka wazee pale, wataona kwa macho yao. Lakini nitakuwa nimelirudisha jani nililolipokea, wapo watakaosema laana ni yangu, na wale wenye panga bado ni majirani zetu. Nikinyamaza, watu wa baba mdogo watayaona siku si nyingi, na hawatasahau mizizi tena.

Mama ananiambia nisome, mtihani uko karibu. Nasoma, lakini kila nikifungua daftari naona yale machipukizi. Ninyi mnaozijua mila za mlimani, na ninyi mnaoijua sheria, niambieni kabla ya Jumamosi: mtoto aliyepokea sale bila kujua, anaruhusiwa kuyafunua yale majani makavu?