Kioo cha Kamera ni cha Mtu wa Kesho

Mwanangu, nakumbuka siku ambayo baba yangu alinishika mkono kwa nguvu hadi nikapiga kelele. Kabla hujaenda kurusha hiyo droni yako, nataka nikueleze kwa nini alinishika, maana tangu mwezi uliopita nina hasira, na sioni sababu ya kukaa nayo peke yangu hapa jikoni.

Baba alikuwa mpiga picha hapa Mogogosiek. Wazazi wangu walitoka upande wa Nyeri kabla sijazaliwa, wakafungua studio ya chumba kimoja kando ya barabara ya kwenda kiwandani. Mimi nilipomaliza shule nikawa msaidizi wake. Malori ya majani chai yalipita hapo kutwa, na kila likipita, vumbi la murram, ule udongo mwekundu wa barabara, liliingia mpaka kwenye sufuria zetu. Siku hiyo nilikuwa nimesimama mlangoni na kamera, lori likapita, na kioo cha kamera kikawa chekundu. Nikakunja ncha ya sweta yangu ili nikifute. Kabla sijakigusa, mkono wa baba ulikuwa umeshafika.

"Hilo ni nini?" akaniuliza.

"Ni vumbi, baba."

"Ni mawe. Ni mawe madogo, na wewe unataka kuyasugua kwa macho ya watu."

Nikamjibu, kwa kile kiburi cha wasichana, kwamba kamera ni yetu, watu wameingiaje hapo? Hapo ndipo alipokasirika kweli. Akasema kamera ni yetu lakini kioo si chetu. "Kioo ni cha mtu atakayekuja kesho. Wewe humjui. Ukikikwaruza leo hutaona kitu, utaenda zako ukalale. Ni yeye atakuja akae pale na nguo zake nzuri, halafu alama yako ikae kwa uso wake."

Nilimnunia wiki nzima. Niliona mzee huyu anapenda kipande cha kioo kuliko mtoto wake. Hakuniomba msamaha, hakuwa mtu wa hayo. Alinipa brashi ya manyoya laini na ile pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi, akarudi kazini. Vitu hivyo nilikaa navyo mpaka nikairithi studio, na nikaendelea navyo mpaka simu zilipokuja, kila mtu akaanza kujipiga picha mwenyewe, nami nikafunga mlango nikabaki na chai yangu na ng'ombe.

Sasa wacha nikuambie habari za Kipngeno. Huyu ni kijana wa jirani yangu, anapiga video za harusi, na wenzake wanamwita Dairekta. Alipoleta ile droni yake, mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kumsifu. Usifikiri mimi ni kizee cha kuchukia mashine. Niliitazama ikipanda juu ya mashamba yetu, nikaona kijiji chote kwenye kile kioo kidogo cha rimoti alichoshika, hadi paa la boma langu lenye kutu, na nikatamani baba angekuwa hai aone. Kwa hivyo usiniambie sielewi. Naelewa sana, ndiyo maana nimekasirika.

Kulikuwa na harusi hapa juu, Jumamosi ya mawingu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, njia zote tope. Kipngeno alipotaka kuiteremsha droni yake hakutaka ichafuke, basi akaitua juu ya chai. Juu ya chai, mwanangu! Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau, nikaiweka chini nikamfokea.

"Kipngeno! Usitue hapo!"

"Gogo, relax," akaniambia. Huku kwetu vijana wote huniita Gogo, yaani nyanya, ingawa wajukuu wangu wananiita Cucu kwa Kikuyu. "Hii majani ni soft, ni kama mattress."

Kama angekuwa mgeni kutoka Nairobi ningemsamehe. Mgeni akiona chai iliyochumwa vizuri, juu imelingana sawasawa, anaona zulia. Lakini huyu amezaliwa hapa! Amechuma chai kila likizo tangu akiwa mdogo. Anajua kwamba chini ya yale majani laini kuna vijiti vya mti uliokatwa mwaka hadi mwaka, vigumu na vimechongoka, na mapaja ya mamake yamelindwa na aproni ya nailoni miaka yote kwa sababu ya vijiti hivyo hivyo. Na kamera ya droni iko wapi? Imening'inia chini ya tumbo, kama kiwele. Kitu cha kwanza kuingia kwenye vijiti ni kioo.

Aliichomoa. Akaona matone na uchafu kwenye kioo, akavuta fulana yake, ile ile aliyobebea viti na kulia nyama ya mbuzi tangu asubuhi, akasugua. Akasugua na kuzungusha kidole, akiongea na msichana mmoja wa kwaya. Nilisikia mkono wangu ukiuma pale baba aliponishika.

Nikamwambia alete nione. Nilivaa miwani, nikageuza kioo kwenye mwanga, nikaona mstari mmoja mwembamba karibu na katikati, na mingine midogo pembeni yake. Nikamwambia kioo kimekwaruzwa, asikifanyie kazi ya mtu kabla hajakibadilisha.

"Cheki hii video, Gogo. Iko clear kabisa," akasema, akanionyesha.

Na kweli ilikuwa safi. Hivyo ndivyo mkwaruzo unavyodanganya, mwanangu. Siku ya mawingu unajificha. Jua likiwa nyuma yako unajificha pia. Unangoja siku utakapoelekeza kamera upande wa jua, ndipo unawaka.

Ng'ambo ya mto wetu aliishi Arap Koech. Mzee mrefu, mpole, mkaidi kwa jambo moja tu: hakupenda kupigwa picha. Miaka yote ya studio yangu nilimtania, akakataa. Ukiondoa ile picha ndogo ya kitambulisho, ambayo ndani yake anaonekana kama mtu aliyekamatwa, hakuwa na nyingine. Binti yake Chebet anafanya kazi ya nyumbani Uarabuni, na waajiri wake hawakumruhusu kurudi. Mwaka huu moyo wa mzee ulianza kuchoka, akawa mtu wa kitandani zaidi. Chebet akapiga simu akilia, akamwambia mamake anataka kumwona baba akiwa amesimama kwenye chai yake. Hakutaka picha ya mtu aliyelala. Na Arap Koech, kwa ajili ya huyo mtoto, akakubali.

Wakamwita Kipngeno. Mimi nilialikwa na Mama Chebet nimsaidie kumvalisha mzee. Tulimvisha koti lake la kanisani, akachukua kofia na fimbo, akashuka mwenyewe kati ya mistari ya chai, polepole, akikataa kushikwa. Jua lilikuwa ndiyo linatoka, na chai yote inang'aa kwa umande. Kipngeno akaiweka droni mbele yake, jua likiwa nyuma ya mzee. Nilimuuliza kama alibadilisha kioo. Alinyoosha kidole gumba bila kunitazama.

Mzee alifika katikati ya shamba, akasimama. Akavua kofia. Akainua mkono, akaanza kumbariki binti yake kwa Kikipsigis, maneno marefu, bila haraka, akitazama ile mashine angani kama anamtazama mtoto mwenyewe. Mama Chebet alikuwa akilia kando yangu. Mzee hakujua kwamba droni haichukui sauti. Kipngeno alijua, na hata simu hakumwekea mfukoni. Kwa hivyo maneno yale yalipotelea hapo, kwenye ule mngurumo wa droni. Lakini Chebet anayajua, ameyasikia tangu utoto. Alichohitaji ni uso wa babake ukiyasema.

Droni iliposhuka nilimwambia Kipngeno, "Angalia ulichochukua."

"Jua ni kali, Gogo, screen haionekani. Nitacheki home."

"Ingia ndani ya nyumba uangalie. Mzee bado amevaa koti, anaweza kurudia."

"Niko na job ingine Litein, nimechelewa," akasema, akawasha pikipiki.

Wiki haikuisha. Arap Koech alilala mchana mmoja baada ya chai, hakuamka.

Ndipo Kipngeno alipofungua ile video ili itumwe kwa Chebet. Alikuja kwangu kabla ya kwenda kwa Mama Chebet, amejifunika kofia ya sweta hadi machoni. Nilitazama. Chai inaonekana jani kwa jani. Koti linaonekana hadi vifungo. Mkono ulioinuliwa unaonekana. Na juu ya shingo kuna weupe, moto mweupe uliotoka kwenye ule mstari mmoja niliouona siku ya harusi. Kabla ya hapo uso umefichwa na kivuli cha kofia, na tangu anaivua hadi anaivaa tena, mzee hana uso.

"Nitajaribu ku-edit, Gogo," akasema.

"Uedit nini? Uso utautoa wapi? Utamchorea mtu babake?"

Nilimfukuza. Halafu nikamwita, kwa sababu ilikuwa lazima mtu apeleke ile video kwa Mama Chebet, na sikutaka aitume kwa simu kisha azime data. Tulivuka mto pamoja. Mama Chebet alikuwa ametoka kupeleka majani kwenye kituo cha kupimia chai, vidole vyake bado vyeusi kwa utomvu wa chai. Alikaa kwenye benchi akashika simu kwa mikono miwili.

Alitazama hadi mume wake alipovua kofia. Akaisogeza simu karibu. Kisha akachukua ncha ya leso yake akafuta kioo cha simu. Akatazama tena, akafuta tena, kwa nguvu zaidi. Akanigeukia.

"Mama Wambui, hebu nifutie hii simu," akasema. "Mikono yangu ni michafu, naona naiharibu tu."

Nilikuwa na kitambaa changu cha miwani mfukoni. Nilikitoa nikaifuta ile simu. Ilikuwa safi, mwanangu. Nilifuta simu safi kwa sababu sikujua nimwambie nini, na Kipngeno alisimama pale mlangoni akiniangalia nikifuta.

Siku hizi Kipngeno ametia kioo kipya kwenye kamera, na watu wananiambia nimsamehe, ilikuwa ni kioo tu. Msiniambie ni kioo tu! Kioo kina spea, na amekwisha kukibadilisha. Arap Koech hana spea. Kama angekibadilisha wiki moja mapema, Chebet angekuwa na baba wa kutazama, badala ya kunitumia ujumbe kila mara akiniuliza, mimi niliyekuwa na studio, kama hakuna njia ya kuondoa ule mwanga.

Basi nisikilize, wewe unayerusha droni yako huku kwetu. Usiitue juu ya chai, hata njia ikiwa tope kiasi gani. Tembea na turubai au gunia safi, litandaze, paa hapo na utue hapo, kwa maana ukipaa kutoka kwenye murram yale mapanga yake yanayozunguka yanakurushia mawe kwenye kioo kabla hujafika angani. Kamera ivae kifuniko chake kila wakati isipokuwa kazini, si kutupwa kwenye begi pamoja na funguo na chaja. Weka kile kioo chembamba cha kukinga mbele ya lenzi, kikwaruzwe chenyewe, ukitoe utie kingine. Ukiona vumbi, pulizia kwanza kwa pampu, kisha brashi laini, na kitambaa cha miwani kije mwisho, kwa mkono mwepesi. Fulana yako iache ifanye kazi ya fulana. Ukungu ukiingia kwenye kioo, na huku kwetu utaingia, ngoja ukauke. Kabla ya kazi ya mtu, elekeza kamera upande wa jua uone kama kuna kinachowaka. Na ukimaliza, tafuta kivuli utazame ulichochukua wakati mwenye koti bado amelivaa. Huyo wa Litein atangoja.

Ukishindwa kuyakumbuka yote, kumbuka baba yangu: kioo ni cha mtu wa kesho, na wewe humjui.

Nimemaliza, na hasira haijaisha, lakini sitakuacha uende bila baraka. Mungu akupe kazi nyingi na mkono wa taratibu. Akulinde wewe na chombo chako, na mvua ya saa nane ikukute umefika nyumbani. Uzeeke kati ya watu wanaokupenda. Na siku wale ulio mbali nao watakapokutafuta kwenye picha, wakuone uso.