Umetaga Humo Ndani?

Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne walitawanyika kutafuta maisha. Mimi nilifika stendi ya Kibiti, nikaliona jua, nikarudi nyumbani. Natengeneza redio na simu za watu, kazi isiyonidai kuvuka kizingiti. Mama alinivumilia kwa sentensi moja tu. Akitoka shamba, husimama mlangoni pangu:

"We baba, umetaga humo ndani?"

Nami humjibu, "Nakuja, mama!" Kisha siji.

Alipofariki, wanaume walikaa nje kwenye mikeka, chini ya turubai. Mfiwa mkuu, yaani mimi, alitoka makaburini akajifungia chumbani. Sikulia. Wala sikula. Sahani ya wali iliingia, ikapoa, ikaja nyingine, nayo ikapoa.

"Watu wanataka kukupa pole," mjomba akaita dirishani. "Utaipokelea kitandani, mwali?"

Kwenye simu nilisoma kwamba mfiwa anywe maji, alale, azungumze na watu. Maji niliyaweza.

Siku ya kuondoa matanga wakaja watani. Kwetu mtani hana adabu msibani, na hiyo ndiyo adabu yake: humwigiza marehemu, huwacheka wafiwa, na hairuhusiwi mtu kununa. Mmoja wao, mama mtu mzima wa Mahege, nilimwona dirishani kajitanda kanga ya mama, akichechemea uani kwa goti bovu kama la mama, akifukuza kuku na kuwasimanga wapishi.

"Wali gani huu? Mnataka nife mara ya pili?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikaona ni ushenzi, nikajifunika shuka.

Kisha ndala zikaburuzika hadi mlangoni pangu.

"We baba, umetaga humo ndani?"

"Nakuja, mama!"

Lilinitoka lenyewe. Mtani akasema, safari hii kwa sauti yake mwenyewe:

"Haya, njoo basi. Leo yule wa kukungoja hayupo."

Nikafungua mlango. Miaka yote ile nimesema nakuja, na siku niliyokuja ndiyo hiyo. Nilisimama kizingitini na shuka begani, nikalia mbele ya kadamnasi, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mtani akaniacha nilie, akanyoosha shingo kuchungulia nyuma yangu.

"Kumbe! Siku zote hizo, na yai hata moja hamna?"

Nikacheka huku kamasi zinanitoka. Halafu nikala wali, na kwa kweli ulikuwa mbaya.

Siku hizi mtani akipita kwenda gulioni, huniitia mlangoni, nami hutoka nikakaa barazani, nikitaniwa weupe wa miguu yangu. Asipopita, ikifika alasiri hujiuliza mwenyewe, kwa sauti, kama nimetaga. Najiona mjinga. Lakini natoka.