Mlango wa Nyanya

Juzi kwenye hoteli moja ya Manda nilionyeshwa mlango wa nakshi. "Huu ni mkono wa Bwana Athmani," alisema mwenyeji wangu. Ni babu yangu huyo. Niliinama kuunusa, nikarudi utotoni, ukumbini kwetu Amu, baada ya adhuhuri, kwenye harufu ya mbao mbichi na chai ya tangawizi.

Mikono ya babu ilitetemeka, hata kikombe kilimshinda. Aliyechonga alikuwa nyanya, patasi yake ikilia taratibu. Mteja alipopiga hodi, nyanya alimtia babu patasi mkononi, akajitanda leso, akashika ukili kama aliyekuwa akisuka mkeka tangu asubuhi.

Mteja alipapasa maua ya mlango. "Mashaallah, Bwana Athmani! Mkono wako haujazeeka."

Babu aliinamisha uso. Nyanya alinitazama, kidole mdomoni. Sikujua kuwa mlango uliochongwa na mwanamke usingepata mnunuzi. Nilidhani ni mchezo, na atakayesema ndiye atakayeshindwa. Nikajiziba mdomo kwa mikono miwili, nikicheka.

"Ulimjua fundi huyu?" mwenyeji aliniuliza pale Manda.

Nilijikuta nimejiziba mdomo tena, na nyanya hayupo wa kuniambia mchezo umekwisha.