Nilivyocheza kwa Jina la Amoni

Nakumbuka siku moja kuliko zote, mwanangu: siku niliyokubali kuitwa Amoni. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwa shangazi yangu, kule Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka wa Zambia, na jibu sahihi lilikuwa hapana. Nililijua. Nikasema ndiyo.

Nikueleze nilivyofika pale. Nilizaliwa Msangano, nikasoma sekondari Mbozi, na huko shuleni nikafundishwa mpira wa kikapu. Kwa kuwa nilikuwa mfupi, nilipewa nafasi ya mchezeshaji, yule anayeleta mpira kutoka nyuma na kuamua nani aupate. Ninyi mnaiita pointi gadi. Wakati wa likizo nilifunga pete ya pipa kwenye ukuta wa ghala letu la mahindi, nikawa nadunda mpira kwa mkono wa kushoto peke yake, hadi mama akaniuliza kama wa kulia nimeuvunja. Sikuwa na kipaji kikubwa. Nilikuwa mkaidi. Nilishaamua kwamba nitacheza nje ya nchi, na kijana akishaamua hivyo, mambo mengine yote huyaona madogo.

Baadaye nikiwa na timu ya Tunduma tulivuka kwenda kucheza na Wazambia. Baada ya mechi akanifuata Bwana Mulenga, meneja wa klabu moja ya mgodini. Alinitaka, ila nafasi za wageni katika klabu yake zilikuwa zimejaa. Akaniuliza kama nina ndugu upande wa Zambia. Sisi Wanamwanga, kabila lililokatwa katikati na mpaka, nani hana? Shangazi yangu aliolewa pale pale Nakonde, na mwanawe Amoni tulipishana miezi tu. Watu walitufananisha.

Ndivyo tulivyojikuta sebuleni. Mulenga alitaka vyeti viwe vya Amoni na picha iwe yangu.

"Chukua, ndugu yangu," Amoni alisema akicheka. "Mimi hilo jina kazi yake ni kuitiwa chakula tu. Na hata wasiponiita huwa nakuja."

Tukacheka wote isipokuwa shangazi.

"Wewe mtoto wa kaka yangu," aliniambia, "jembe langu ukilivunja utaninunulia jingine. Jina hili je, utanilipa nini?"

"Ni msimu mmoja tu, shangazi."

"Na msimu ukiisha, atakayerudi ni nani?"

Nilipotoka mle ndani nilikuwa Amoni Sikazwe.

Baada ya msimu huo ukaja mwingine. Kutoka mgodini nilikata pasipoti kwa jina la Amoni, nikaenda Bulawayo, kisha Gaborone, kisha Maputo, na mwisho Ureno, ambako nilijifunza kudunda mpira vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi. Siwezi kukudanganya kwamba sikufurahi. Kuna raha gani kama kumpelekea mwenzako mpira mahali ambapo yeye mwenyewe hajajua kwamba atakuwapo? Ukumbi mzima ulisimama ukiita, "Amoni! Amoni!" Mwanzoni nilichelewa kugeuka. Baadaye nilizoea.

Tukiwa Maputo, timu ya taifa ya kwetu ilikuja kucheza na klabu yangu mechi ya kirafiki. Tuliwafunga. Tukiwa tunapeana mikono, kocha wao akamwambia msaidizi wake kwa Kiswahili, mbele yangu kabisa, "Huyu Mzambia ndiye tunayemkosa nyumbani." Mwanangu, nilitikisa kichwa na kutabasamu kama mgeni asiyeelewa kitu. Nilirudi chumbani nikaoga muda mrefu.

Wakati huo Amoni mwenyewe alikuwa amepata kazi aliyoitamani tangu utotoni, kuendesha malori ya mizigo hadi Durban. Akatakiwa alete pasipoti. Alipokwenda kuiomba, akaambiwa kwamba Amoni Sikazwe, mwana wa baba huyo na mama huyo, anayo tayari na yuko nje ya nchi. Angesema ukweli, ningerudishwa mara moja. Akajifanya amechanganya mambo, akaondoka zake. Lori hakuliendesha kamwe. Maisha yake yote aliyamaliza akiziba pancha za malori yale yale, kando ya barabara ya Nakonde.

Haya niliyasikia kwa mkewe, Mama Ruthi, niliporudi na goti lililochoka. Amoni mwenyewe alinipokea kwa kelele mbele ya wateja wake: "Jamani! Amoni wa ndege amekuja kumsalimia Amoni wa pancha!" Nilimletea jezi yangu yenye jina mgongoni. Aliivaa kazini hadi grisi ikalifunika jina lote. Nikamwahidi kwamba nitakwenda kueleza ukweli ili apate haki yake. Nikaogopa kesi, nikaona aibu, mwaka ukapita, na mwingine, hadi macho yake yakawa hayafai tena kuendesha chochote.

Masika yaliyopita Amoni akafariki. Taarifa ilisambaa kwenye simu kuliko tulivyodhani: Amoni Sikazwe, mchezeshaji hodari, hatunaye tena. Siku ya mazishi likafika basi dogo la wazee waliovaa makoti ya klabu. Walikuwa wenzangu wa mgodini. Jeneza lilikuwa limeshafungwa. Nahodha wetu wa zamani akaomba kusema neno. Akausimulia mkono wa kushoto. Akasimulia pasi ya dakika ya mwisho kule Bulawayo, nani aliipokea na namna alivyolia. Kila neno lilikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomhusu mtu aliyelala pale. Wajukuu wa Amoni walitazamana. "Kumbe babu alikuwa mchezaji?" alinong'ona mmoja, macho yakimng'aa.

Nilianza kuinuka. Mama Ruthi, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka karibu yangu, akanishika pindo la koti.

"Kaa chini, shemeji."

"Niwaambie ukweli."

"Ukisimama leo watakutazama wewe. Yeye atabaki na nani?"

Nikakaa. Basi hakuna aliyemsimulia Amoni wa pancha, aliyewazibia madereva wageni bure usiku wa mvua, aliyekuwa na utani hata na trafiki. Tulimzika akiwa na maisha yangu juu yake.

Tulipokuwa tunatawanyika, nahodha akapita akimpa kila mtu mkono. Akanishika wangu, hakuuachia, akanitazama usoni kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa mabovu, na mimi ndevu zimenijaa.

"Na wewe, mzee mwenzangu," aliniuliza, "ulicheza?"

"Hapana," nikasema. "Mimi sikuwahi kucheza."

Wiki iliyofuata nilivuka tena mpaka, nikawakalisha wajukuu wale na kuwaeleza kila kitu. Mkubwa wao alitoka nje bila kuniaga, na sikumlaumu. Nitarudi tena, na tena, hadi wamjue babu yao. Hiyo ndiyo kazi niliyobaki nayo, na miguu hii itanifikisha.

Sasa wewe. Umeniambia kuna mtu pale Tunduma ameuona mchezo wako, anataka utumie cheti cha mdogo wako ili uonekane bado mdogo, na kwamba mdogo wako mwenyewe amecheka na kukubali. Najua anavyocheka. Mwanangu, mkatalie mtu huyo leo, kabla hajakuonyesha tiketi, kwa sababu ukishaiona hutaweza. Mwambie unacheza kwa umri wako na kwa jina ulilopewa na wazazi wako. Akikuacha, amka kesho ufanye mazoezi makali zaidi. Atakuja mwingine, au hatakuja, lakini mdogo wako siku moja atakihitaji cheti chake, na asikute wewe umeshaondoka nacho.

Mungu akupe mapafu ya kumaliza mchezo na macho ya kumwona mwenzako kabla hajakuita. Akupe uwanja utakakoitwa kwa jina lako, ugeuke papo hapo. Na siku yako ikifika, ukiwa mzee sana, watu wakuzike wakisimulia maisha uliyoyaishi wewe. Mimi hilo sitalipata. Ile "ndiyo" yangu ilininyima nchi yangu, ikamnyima ndugu yangu barabara aliyoitamani, na mwisho ikamnyima hata mazishi yake.