Mlishaji na Yule Aliyekataa

Katika ukoo wetu mtoto huzijua habari za Mlishaji kabla hajajua kuvaa viatu vyake mwenyewe. Alikuwa babu yake babu yangu, mtu wa asili ya Oman kwa baba na ya kisiwani kwa mama, mwenye minazi na mashamba ya mihogo hapa Baleni. Mwaka wa njaa, mvua ilipokatika na watu wakabaki kuchimba mizizi, yeye alifungua ghala lake akalisha kijiji kizima. Wanasema mwishowe alibakiwa na kibaba kimoja cha mtama, akampa mjane, yeye akalala na maji ya dafu. Ndivyo alivyonisimulia baba, naye alisimuliwa na baba yake, na kila msimulizi alimaliza kwa kutuuliza watoto: "Na nyinyi mtamlisha nani?"

Baba alilichukua swali lile kama amri. Tangu nipate akili sijawahi kuona mtu akipita mbele ya nyumba yetu bila kukaribishwa. Ijumaa baada ya swala uani kulijaa watu. Mama alipokuwa hai alipika kwa masufuria mawili, na baba ndiye aliyepakua, akimaliza yeye hula ukoko. Watu walimpenda. Wengine walimwita kwa jina lile lile la Mlishaji, naye akijifanya hasikii, lakini uso wake ulikuwa ukichanua.

Shida ilianza alipopata sukari. Daktari alimwambia ale kwa saa, hasa akishapiga sindano. Nilikuwa nimerudi kukaa naye, maana shule ninayofundisha iko hatua chache kutoka nyumbani, na mama alikwishatutoka. Nikawa nampikia, namwachia sahani yake imefunikwa, naenda darasani. Nikirudi nakuta sahani tupu, nafurahi. Ilinichukua muda kugundua kwamba hakuwa akila yeye. Akipita mtu, baba humwita, humpa sahani ile, yeye hubaki na chai kavu. Mara mbili nilimkuta amekaa kizingitini anatetemeka, jasho la baridi linamtoka, hajui hata ni siku gani. Majirani walipojua wakaanza kumletea chakula. Alishukuru kwa adabu, wakiondoka akakigawa.

"Baba," nilimwambia siku moja, "ukifa kwa njaa watu watasema mwanao alikunyima."

"Watu niliowalisha mimi hawawezi kunilisha," akasema. Hakuwa na hasira. Alilisema kama jambo linalojulikana na kila mtu.

Nilibaki na hofu ile kwa miezi. Nilikuwa nikifundisha huku nikitazama saa, kipindi kikiisha nakimbia nyumbani kuangalia kama amekula.

Katika hali hiyo nilipelekwa semina Kilindoni, ya walimu wa ushauri nasaha. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja mpole, mwanasaikolojia kutoka bara. Siku ya pili alituambia jambo ambalo lilinishika. Alisema ukizikusanya hadithi za kale za watu wa kila mahali utakuta sura zile zile zinajirudia: mlinzi, mlezi, mfalme, mjanja, yule anayekataa kutii. Sura hizo, alisema, zimo ndani yetu, ndiyo maana tunazitambua hata tukizisikia mara ya kwanza. Na kila moja ina kivuli. Mlinzi anaweza kugeuka mfungaji wa milango. Mjanja akasahau kusema kweli hata kwa nafsi yake. Mtu akisifiwa kwa upande mmoja tu wa sura yake, ule mwingine haufi, unafanya kazi gizani.

Mwalimu mmoja akamwuliza, "Sasa kivuli cha jagina utakijuaje, na hadithi yenyewe inamsifu?"

"Watafute waliokuwa upande wa pili wa hadithi," akajibu. "Wao pia wana watoto na wajukuu."

Nilirudi nikiwa na hamu. Ninafundisha Kiswahili, na kidato cha pili tulikuwa kwenye fasihi simulizi. Nikawapa wanafunzi kazi: kila mmoja amwulize mzee wa kwao mighani moja ya ukoo wao, aandike, kisha aeleze uzuri wa jagina wake na kivuli chake. Sikufikiri kwamba kazi ile ingenirudia mimi.

Daftari la msichana mmoja nililifikia mwishoni. Alikuwa mtoto wa Ndagoni, mkimya, aliyekuwa akikaa kwa mama yake mdogo karibu na shule. Jagina wake alikuwa mwanamke, asiye na jina, anaitwa tu Yule Aliyekataa. Mwaka wa njaa, aliandika, palikuwa na tajiri mmoja Baleni aliyefungua ghala. Kila aliyekula pale aliitwa mgeni, lakini siku ya tatu alipewa jembe, kama methali inavyosema, na jembe lile hakuruhusiwa kuliweka chini tena, yeye wala watoto wake. Mwanamke huyu alifika ghalani na watoto watatu, akaona waliomtangulia wakilima, akaikataa sahani. Akawashika watoto mkono wakatembea hadi pwani ya Ndagoni, wakaishi kwa kaa na kombe waliowaokota maji yakitoka. Mtoto mmoja alifia njiani.

Nikalisoma mara ya pili. Ghala, Baleni, mwaka wa njaa. Nilijua ni nani.

Sitaficha nilichofanya. Niliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Chanzo hakiaminiki," nikampa alama za chini kuliko wote. Alipolipokea daftari lake alilitazama, akalifunga. Nilijiambia kwamba ninalinda ukweli.

Juma lililofuata, kipindi cha pili baada ya mapumziko, msichana yule alianguka darasani. Aliteleza tu kutoka kwenye dawati, taratibu, mpaka chini. Wenzake wakaniambia hakuwahi kunywa uji wa shule tangu aje. Huja na muhogo wake kwenye mfuko, na siku hiyo alikuwa ameusahau. Tulimpepea akafumbua macho. Nyumba iliyokuwa karibu kuliko zote ilikuwa ya baba, basi tukampeleka huko, mimi na mwalimu mwenzangu tumemshika kila mmoja upande wake.

Baba aliinuka haraka kuliko nilivyomwona kwa miaka. Alimwekea mto, akaleta kikombe cha uji wenye sukari aliokatazwa yeye mwenyewe.

"Kunywa, mwanangu."

"Asante, babu. Nimeshiba."

"Aliyeshiba haanguki."

Msichana akatazama mikono yake. "Bibi amesema tusile katika nyumba hii."

Mwalimu mwenzangu akanitazama. Nilidhani baba atakasirika, au atacheka. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliketi chini, mkabala naye, na kikombe mkononi.

"Bibi yako ni wa wapi?"

"Ndagoni."

Baba akaweka kikombe chini, akaniagiza nilete dafu. Akalikata mwenyewe akamnyooshea.

"Hili halikupikwa na mtu," akasema. "Wala sikuliotesha mimi. Mwenye nalo ni Mungu."

Msichana alifikiri kwanza, nakumbuka, kwa makini kama mtu anayefanya hesabu ngumu. Kisha akalipokea akanywa lote.

Tulipiga simu kwa mama yake mdogo, naye akampigia bibi. Alasiri bodaboda ikasimama nje, na juu yake mwanamke mzee amekaa upande, mkono mmoja ameshika bega la dereva, mwingine kikapu. Alisalimu mlangoni, "Asalaam aleikum," baba akaitikia, nami nikamwamkia shikamoo. "Marahaba," akanijibu bila kunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa mjukuu wake, akampapasa paji la uso, ndipo akageuka.

"Nakushukuru, bwana mkubwa, kwa kumhifadhi."

"Nakuomba usiniite bwana," baba akasema. "Niite kaka. Karibu, keti."

Akaketi ukingoni mwa mkeka, karibu na mlango. Mimi ndiye niliyeanza kusema, na sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisema kwamba mtoto ameandika hadithi ya kwao, nimempa alama mbaya kwa sababu ilinichoma, na kwamba ningependa kuisikia kwa mwenyewe.

Yule bibi alinitazama kwa mara ya kwanza. "Hakuna cha kuongeza," akasema. "Mtu wenu hakumwita mtu mtumwa. Aliwaita wageni. Lakini mgeni haombi ruhusa ya kuondoka."

Nikamgeukia baba. Nilitaka akanushe. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kikoi chake.

"Ni kweli," akasema.

"Baba, uliijua?"

"Baba yangu alinisimulia mara moja tu, akiwa anaumwa. Akaniambia ile ya ghala niisimulie, hii niiache ife. Nikawa nalisha watu, nalisha, nikidhani iko siku nitakuwa nimemaliza." Akamgeukia yule bibi. "Dada, samahani."

"Wewe hukuwepo."

"Sikuwepo. Lakini sifa zake nimezila maisha yangu yote. Siwezi kuchagua kula nusu."

Yule bibi alipoanza kusema sauti yake ilikuwa imeshuka. Alisema kwao nao wamepitiliza. Mama yake aliumwa kwa siku nyingi, jirani akamletea uji, naye akaurudisha na kikombe kikiwa bado cha moto, akiona fahari. Akafa siku ya tatu, na msibani watu walimsifu kwa hilo. "Mimi nikampokea mtoto huyu nikampa fahari ile ile aibebe shuleni. Leo imemwangusha. Ingemwangusha barabarani je?"

Wakati huo niliona mkono wa baba unatetemeka. Nikatazama saa: alipiga sindano adhuhuri na hakuwa amekula kitu, kwa pilikapilika za siku ile. Niliinuka kwenda jikoni, lakini nilijua baba angewapa wageni chochote nitakachomletea.

"Ana sukari," nikamwambia yule bibi. "Na hataki kula cha mtu."

Aliniangalia, akamwangalia baba, kisha akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga, chakula anachotembea nacho kila aendako ili asile cha watu. Akamegea kwenye kifuniko cha bakuli.

"Kula, kaka."

"Dada, hiki ni chako na cha mtoto."

"Ukila changu, nami nitakula chako. Usipokula, narudi nacho Ndagoni na hatutaonana tena."

Baba alikishika kile kifuniko kwa mikono miwili. Sijui ni nini kilipita moyoni mwake, maana hakuwahi kuniambia. Alisema bismillahi, akala. Alikula tonge la kwanza kama mtu anayemeza dawa, la pili kawaida, na alipofika kwenye samaki alikuwa anachambua miba kwa utulivu kama yuko kwake, na kweli alikuwa kwake. Nikaenda jikoni kuchukua choroko nilizopika asubuhi. Huko nikajifunika uso kwa kanga nikalia kidogo, kwa furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya miezi sikuwa na haja ya kurudi mbio kutazama sahani.

Yule bibi alionja choroko. Akatafuna, akatulia.

"Hazina chumvi," akasema.

"Daktari," nikajibu.

"Daktari hajui kupika," akasema, akaendelea kula. Mjukuu wake alimtazama mdomo wazi, kisha naye akasogea kwenye sahani.

Sikuweza kubadilisha kila kitu, wala sikujaribu. Baba bado anakaribisha watu, ila sasa nao huja na vyao, na kama mtu akimletea muhogo anakula mbele yake. Yule bibi bado hasafiri bila kikapu. Msichana alianza kunywa uji wa shule kwa kikombe chake mwenyewe alichotoka nacho kwao, nami sikumwuliza. Niliyafuta maneno yangu mekundu kwenye daftari lake, nikaandika alama alizostahili, nikamwomba radhi mbele ya darasa. Alisema, "Haya, mwalimu," akakaa. Nilipowasimulia wanafunzi habari za Mlishaji mwaka huo, niliwasimulia pande zote mbili, na niliona kwamba haikuniuma. Mtu aliyelisha kijiji na mtu aliyewafunga watu kwa sahani alikuwa mmoja, na mimi ni wa damu yake, na dunia haikuanguka kwa kulisema hilo kwa sauti.

Siku ile ya kwanza, baada ya kula, nilijilaza kwenye mkeka chumba cha pili, mlango wazi. Niliwasikia baba na yule bibi wakibishana kama samaki changu ana miba mingi kuliko tasi. Baba alisema tasi. Yule bibi akamwambia kwamba watu wa mashambani hawajui samaki, wanakula tu wanacholetewa. Baba akacheka, kicheko cha tumboni ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama afariki, na kabla hawajaamua nani mshindi usingizi ukanichukua.